Bibi wa Lachezar

Kazi yangu ni kuwaandikia watu wenye mawazo machache. Wananilipa, naandika, wao wanatia jina na picha, na dunia inawaita viongozi wa fikra. Hapa mjini Sofia tuko wengi tunaokula kwa kazi hii, na hatufahamiani, maana sharti lake la kwanza ni kutoonekana. Ukimwona mkurugenzi wa kiwanda cha saruji akiandika kila asubuhi kuhusu unyenyekevu, ujue kuna mtu mahali fulani, kahawa yake imepoa, anamtungia huo unyenyekevu.

Lachezar Pamukov alikuwa anauza madirisha. Alikuja kwangu mwezi wa Machi, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, shati limenyooshwa utadhani anakwenda kuposa. Alitaka aalikwe kuzungumza kwenye makongamano, wanahabari wampigie kuomba maoni yake, vijana wamfuate kwenye ule mtandao wa watu wa maofisini.

"Andika kuhusu vioo vya tabaka tatu," aliniambia. "Watu hawajui kitu kuhusu vioo vya tabaka tatu."

"Na hawataki kujua, bosi."

Alisisitiza, nikaandika. Mwezi mzima tulihubiri vioo, na msomaji wetu mwaminifu alikuwa mhasibu wake. Ndipo nikamkalisha chini nikamfundisha. Mtu hasomi kuhusu dirisha, nilimwambia. Anasoma kuhusu aliyekaa nyuma ya dirisha akimngoja asiyekuja. Sentensi ya kwanza imkamate shingoni. Ya mwisho imwachie swali, ili aandike jibu lake, na jibu lake liwaite rafiki zake. Katikati weka mtu wa nyumbani, mama, babu, yeyote mwenye aproni.

"Na kipi kinafika mbali kuliko vyote?" aliuliza.

"Msiba. Hakuna kinachoushinda msiba. Sisi tulijua kuposti kabla ya simu, bosi. Angalia nguzo za umeme."

Alichungulia nje, akacheka. Kila nguzo ya mtaa ule ilikuwa na karatasi zake zenye ukingo mweusi: picha ya marehemu, jina, arobaini au mwaka, na chini kabisa majina ya wenye majonzi. Karatasi hizo haziondolewi kwa mkono. Huachiwa mvua na upepo.

"Sasa nipe mtu wa nyumbani," nikamwambia. "Bibi yako alikuwa anasemaje?"

Akachezea kifuniko cha kalamu. "Zlatina, mimi nimelelewa kwenye nyumba ya watoto ya serikali. Hilo usiliandike. Sitaki kuhurumiwa."

"Basi tutakutafutia bibi."

"Kwani wanapatikana wapi?" aliuliza, na tukacheka wote wawili.

Mimi nilikuwa naye mmoja. Bibi Trendafila alinilea huko Chereshitsa, kijiji cha milimani juu ya Smolyan, tangu mama alipokwenda Italia kuwaogesha wazee wa watu wengine na kuolewa hukohuko. Kila nilicho nacho ni chake. Alinifundisha kusoma kwenye magazeti aliyofungia jibini. Alinifundisha adabu pia, kwa kidole. Nilikuwa na miaka saba, siku ya arobaini ya babu, jirani yetu Kera akanikabidhi kikombe cha ngano ya marehemu, ile iliyochemshwa ikachanganywa na sukari na kokwa za jozi, nami nikasema asante. Bibi akanigusa midomo.

"Kwa chakula cha wafu hatusemi asante, Zlati. Tunasema Mungu amsamehe. Ukisema asante, umekula wewe. Ukisema Mungu amsamehe, kimemfikia yeye, naye anajua kwamba amekufa, anatulia."

Nilikula ile ngano nikiogopa kutafuna. Niliona kama babu alikuwa akisubiri jibu langu nyuma ya mlango.

Nilianza na jambo dogo. Kwetu tunapika patatnik, mkate wa viazi vya kukwaruza, unaoiva upande mmoja kwenye kikaango kisha unageuzwa juu ya sahani kwa mkono mmoja, na hapo ndipo wanawake hupimana. Bibi alikuwa akisema usigeuze patatnik ukiwa na hasira. Nikamwandikia Lachezar: *Jana nilitaka kumfukuza mtu kazi. Kisha nikamkumbuka bibi yangu.* Nikatia patatnik, kikaango, moshi, na lile neno la bibi. Mwishoni nikauliza: *Wewe uligeuza nini ukiwa na hasira?*

Kufikia saa sita mchana nchi nzima ilikuwa inaungama. Wanasheria, wakunga, meneja wa benki aliyewatupia wanawe viatu. Lachezar alinipigia simu.

"Zlatina, wanampenda."

"Nani?"

"Bibi."

Jumapili nilipanda Chereshitsa na gari langu bovu, nikiwa na furaha ya mtu aliyelipwa vizuri. Nilimkuta bibi amesimama mbele ya jiko, sahani mkononi, na kikaango kinatoa moshi mweusi. Alikuwa anaitazama sahani, kisha kikaango, kisha sahani.

"Bibi, kinaungua. Geuza."

"Nigeuze nini?"

Nikadhani ananitania, maana alikuwa bingwa wa utani. Nikamnyang'anya kikaango nikageuza mwenyewe, vibaya, nusu ikaanguka. "Usigeuze patatnik ukiwa na hasira," nikamwambia ili acheke.

"Maneno mazuri hayo," akasema. "Nani kayasema?"

Daktari wa Smolyan alisema ni umri. Nilimwamini, kwa sababu umri ni jibu ambalo halikulazimishi ubadilishe chochote. Na Lachezar alikuwa anataka posti mbili kwa wiki, kisha tatu. Nilimpa kengele. Ukutani kwenye kibaraza cha bibi zimetundikwa kengele za mbuzi wa babu yake, na bibi alijua kila moja kwa sauti yake, hata akifumba macho. Kuhusu ile ndogo kabisa alikuwa akisema, ukitaka kujua kundi linaelekea wapi, msikilize mbuzi mdogo, ndiye anayeogopa kwanza. Wakurugenzi walilia kwa ile. Lachezar akaalikwa kongamano lake la kwanza.

Jumapili iliyofuata bibi alinishika mkono kwenye kibaraza. "Vile vitu pale ukutani," akanong'ona, "ni vya nini? Vinanipigia kelele."

Hapo ndipo ningepaswa kuacha. Lakini mtu anayejipalia makaa hahisi joto mara moja. Nilijiambia ni bahati mbaya tu, nikampa Lachezar habari ya soksi za harusi, nikampa ya theluji iliyofunga mlango. Kitu kimoja tu sikumpa, ile adabu ya ngano. Alipoomba kitu kuhusu majonzi nilimwambia sina. Kila mwenye duka huweka kitu kimoja chini ya kaunta.

Mwezi wa Julai tulikutana mkahawani kupanga kazi ya wiki. Nilikuwa nimemwandikia hotuba yenye zile kengele ndani. Aliipitia, akatikisa kichwa.

"Umeisahau ile yenye ufa," akasema.

"Ipi?"

"Ya tatu kutoka mlangoni. Ina ufa, bibi aliuziba kwa nta ya mshumaa wa Pasaka. Ndiyo maana inakohoa."

Kengele hiyo ipo. Inakohoa kweli. Sikuwahi kuiandika, wala sikuwahi kumtajia.

"Lachezar, hilo nilikuandikia lini?"

"Kuniandikia?" Alinitazama kwa upole wake uleule. "Nakumbuka tu." Halafu akamwita mhudumu, na nikasikia kwamba ameanza kuongea kama watu wa milimani, zile irabu pana tulizochekwa nazo tulipokuja shule mjini. Mtu huyu alizaliwa na kukulia tambarare, kando ya mto Danube.

Sikumwandikia tena. Nilimtumia ujumbe kwamba naacha, nikasingizia macho. Alinitakia afya njema na kunitumia chupa ya siki ya mitishamba, ile ambayo bibi hutengeneza, yenye kijiti ndani ili isichachuke zaidi. Na posti hazikukatika. Sasa alikuwa anaandika mwenyewe, kila siku, na alikuwa anaandika vizuri kuliko mimi. Aliandika juu ya siku aliyoanguka kutoka kwenye mforosadi, bibi akambeba mgongoni hadi kwa daktari huku akimtukana njia nzima ili asisinzie. Aliyeanguka kwenye mforosadi ni mimi. Alama iko kwenye nyusi yangu ya kushoto hadi leo.

Nilikasirika nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaandika kwa jina langu. Nilieleza yote, kwamba Bibi Trendafila ni bibi yangu mimi, na maneno yote ni yake. Majibu yalikuja haraka. *Binti, kila mtu na bibi yake, katafute wako.* Mwingine: *Watu wanaiba pochi, sasa wameanza kuiba mabibi.* Hata yule mhasibu alijitokeza: *Namfahamu Bwana Pamukov miaka mingi. Huyo bibi ni wa kwao, nimekula jibini lake.* Nilifuta kila kitu kabla ya chakula cha mchana.

Nikapanda kijijini siku hiyohiyo. Kera, yule jirani, alikuwa akimlisha bibi supu kwa kijiko. Bibi aliniangalia kwa macho masafi ya mtoto mchanga.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Bibi, ni Zlati."

"Lacho yuko wapi?" akauliza. "Lacho wangu mbona haji?"

Kera aliweka kijiko chini. "Ndiye anayemtaja kutwa nzima. Lacho ndiye nani huyo, Zlati? Una mchumba?"

Niliingia kwenye gari, nikaendesha hadi Sofia bila kusimama.

Ofisi ya Lachezar ilinukia viazi vilivyokaangwa. Sampuli za madirisha zilikuwa zimesukumwa pembeni, na juu ya meza palikuwa na kikaango, na sahani, na patatnik iliyogeuzwa vizuri, kwa mkono mmoja, bila ufa. Yeye alivaa soksi nene za sufu zilizofumwa kwa mkono, nyekundu na nyeusi. Naujua ule ufumaji wa bibi. Nilitaka kumchukia, nikashindwa kuanza, maana sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

"Kaa ule," akasema. "Umekonda."

"Ni bibi yangu, Lachezar."

"Najua unavyompenda. Kila mtu anampenda."

"Hanijui tena. Kila unachoandika kinatoka kwake. Ameketi pale kama mfuko uliokung'utwa, anakutaja wewe. Acha, tafadhali. Rudi kwenye vioo."

Akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Unajua pale nilipokulia," akasema, "kila mtoto alikuwa na mtu anayemtungia. Mjomba baharia, mama mwimbaji. Tulikuwa tunasimuliana habari zao usiku. Wangu hakuwahi kuja. Huyu amekuja, Zlati. Naamka asubuhi nasikia harufu ya aproni yake. Unataka nimfukuze?"

"Nataka nirudishiwe."

"Wiki hizi wafuasi wamepungua kidogo," akaendelea, kama hakunisikia. "Wamezoea. Nilikuwa nafikiria lile neno lako la nguzo za umeme."

Nilimkatiza. "Usimuue."

"Wewe ndiye ulisema hakuna kinachoushinda msiba."

"Nakupigia magoti, Lachezar. Andika chochote. Usiandike kwamba amekufa. Ukiandika, atakufa, unajua kama ninavyojua."

Akaweka kitambaa chini. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hayakuwa ya kuigiza. "Nimuue bibi yangu? Unanionaje wewe? Siwezi. Nitamtafuta mwingine."

Nikashusha pumzi. Sikuuliza mwingine nani. Nilisimama nikamshika mkono wake wenye mafuta ya kikaango, nikamwambia asante.

Na mambo yakawa mazuri, hicho ndicho kinachoniuma. Wiki ileile Kera alinipigia. "Bibi yako leo kamtukana postamani," akasema. "Kwa majina yote." Siku chache baadaye: amepika. Kisha: anazijua kengele. Nililia kwa furaha kwenye ngazi za jengo letu. Nilikuwa nimepata kazi Varna, mwenye hoteli aliyetaka kuonekana mtu wa falsafa, nikaenda pwani kwa moyo mweupe, nikakaa Septemba yote na zaidi. Ukurasa wa Lachezar niliufunga ili usinitie kichefuchefu. Kera akaacha kupiga simu, nikasema basi, hakuna habari ni habari njema.

Oktoba ilipoingia nilimpigia mwenyewe.

"Shangazi Kera, mambo? Bibi mzima?"

Nilisikia kuku wake.

"Nani mwenzangu?"

"Zlati, shangazi."

"Huna haya wewe," akasema polepole. "Sauti umeipatia kweli, lakini huna haya. Zlati tumemzika. Kesho arobaini yake. Usipige tena hapa, yule bibi yake ana moyo mmoja tu." Akakata.

Niliendesha kesho yake tangu alfajiri. Karibu na Asenovgrad nilisimama kutia mafuta, na hapo ndipo nikaufungua ukurasa wake. Posti ile ilikuwa ya zamani kidogo, na bado watu walikuwa wanamiminika. *Nilikuwa na dada,* ilianza. Sentensi ya kwanza ilikamata shingo, kama nilivyomfundisha. Bibi alilea wajukuu wawili. Mdogo alikuwa na alama kwenye nyusi ya kushoto na ulimi mkali, akaenda mjini kuuza maneno, akawaandikia watu wote akasahau kujiandika mwenyewe. Alikufa peke yake mbele ya kikombe cha kahawa baridi. *Nyumbani tuliweka kijiko chake mezani,* ilimalizia. *Wewe, ni nani hukumpigia simu kwa wakati?* Mzungumzaji mmoja ninayemheshimu sana, ambaye hotuba zake zote nimeziandika mimi, alikuwa ameweka moyo na mishumaa.

Ilikuwa nzuri. Niseme ukweli, ilikuwa posti bora kuliko zote nilizowahi kusoma. Yule aliyenijazia mafuta aliniuliza kama naumwa.

Lango la bibi lina mbao za kijani. Karatasi ya babu ilikwisha zamani, kimebaki kipande kwenye kona. Pembeni yake palikuwa na yangu. Ni picha ya siku niliyomaliza shule, blauzi nyekundu iliyotokea kijivu. *Siku arobaini bila mpendwa wetu ZLATINA.* Chini: *Wenye majonzi: bibi na kaka.* Na chini ya hiyo, ya kwanza, ile ya mazishi, imepauka na kukunjamana, mvua imeipitia mara nyingi. Nilishika ukingo wake nikitaka kuichana. Mkono ulikataa. Kwetu haichanwi, na mimi nimelelewa.

Uani palikuwa na viti na watu ninaowajua tangu utoto. Walinisalimia kwa heshima anayopewa mgeni wa mjini. Kera aliniangalia nyusi, akaangalia pembeni, akajipangusa mikono kwenye aproni. Lachezar alikuwa anabeba benchi, katika zile soksi za bibi na viatu vya plastiki. Hakushtuka kuniona. Nilimtafuta machoni, nikitaka hata hila kidogo, hata aibu. Palikuwa na majonzi tu, ya kweli, ya mtu aliyefiwa na dada.

"Karibu, dada," akasema. "Samahani, sikukumbuki. Ulifahamiana na Zlati wetu?"

Kabla sijajibu, bibi akatoka jikoni.

Alikuwa wima. Sijamwona wima hivyo tangu nikiwa na miaka ishirini. Sinia kubwa la ngano lilikuwa mkononi mwake, na mdomoni mwake maneno yake yote yalikuwa yamerudi. Alimtania postamani, alimkaripia Kera kwa jozi zilizokatwa kubwa, alimwambia mtoto wa jirani aiache kengele ya tatu, ile inakohoa ina nta. Akamwambia Lachezar, "Lacho, usigeuze viazi mpaka nije, leo una hasira na Mungu." Watu walitabasamu kwa huzuni. Mimi nilisimama pale nikimwangalia bibi yangu mzima, kamili, hakuna kilichopungua ila mimi.

Akafika kwangu. Akachota kijiko.

"Bibi," nikasema. "Ni mimi. Zlati."

Mkono ulisimama hewani. Kitu kikapita usoni pake, na kwa dakika moja alinijua, nawaapia, alinijua, midomo ilianza kuliunda jina langu. Kisha macho yakaanza kuloa, yakahama, yakaenda kwenye kibaraza.

"Vile vitu pale ukutani," akanong'ona. "Ni vya nini?"

Sinia likaanza kuinama. Ngano ikamwagikia viatu vyake. Lachezar aliachia benchi akaja mbio.

Ningelisema jina langu mara nyingine. Mara mbili, mara tatu, na angekuwa wangu tena, nikampeleka Sofia, nikamlisha supu kwa kijiko huku akiniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilitaka. Msinione mtu mwema, nilitaka sana, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Nimesema nilifanya kazi na Zlati," nikasema. "Huko Sofia. Nimekuja kutoa pole."

Sinia likanyooka. Rangi ilimrudia polepole kuanzia shingoni. "Aa, wa Sofia," akasema, na akanitazama kwa wema. "Pole na safari, binti. Mjukuu wangu alikuwa hodari kwa maneno. Hakuwa na mtu wa kumwambia pumzika." Akaijaza sahani ndogo, akatia kijiko, akanipa. "Kula, kwa roho yake."

Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa bado ina uvuguvugu. Watu wote walikuwa wananisubiri, Kera, postamani, Lachezar aliyeinama akiokota ngano iliyomwagika, punje kwa punje, maana haikanyagwi. Nilijua kinachotakiwa kusemwa. Nilijua na kinafanya nini.

"Asante, bibi," nikasema.

Akaniinulia kile kidole. Kilinigusa midomo, kikavu, kinanukia mdalasini.

"Kwa chakula cha wafu hatusemi asante, mwanangu. Kumbe hata hili hukufundishwa? Nani alikulea wewe?"

"Bibi yangu."

"Na bibi yako alisahau kukufundisha?"

"Hapana," nikasema. "Hakusahau kitu."

"Basi sema vizuri, mjukuu wangu anasubiri."

Nilimwangalia mara ya mwisho akiwa na yote aliyo nayo.

"Mungu amsamehe," nikasema.

Bibi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kwa mgeni aliyefuata. Nami nikala.